Roy Campanella, mdakaji wa Brooklyn Dodgers: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

Roy Campanella alikuwa nani?

Roy Campanella alikuwa mdakaji wa besiboli nchini Marekani, aliyezaliwa Philadelphia tarehe 19 Novemba 1921 na kufariki California tarehe 26 Juni 1993. Jina lake huenda sambamba na la Brooklyn Dodgers, timu aliyoichezea kuanzia 1948 hadi 1957, na ambayo akiwa nayo alitwaa mara tatu tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya besiboli: 1951, 1953 na 1955. Mwaka 1969 aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli ulioko Cooperstown, jimbo la New York.

Misimu hiyo kumi ndiyo inayosimuliwa zaidi, lakini haitoshi kumweleza. Ubaguzi wa rangi ulimchelewesha kuingia Ligi Kuu, na ajali ya gari ikamtoa kabla hajaamua mwenyewe kustaafu, kwa hiyo takwimu zake za Brooklyn ni kipande cha katikati cha safari iliyoanza 1937. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye miaka ambayo haimo katika takwimu hizo.

Mdakaji hufanya kazi gani hasa uwanjani?

Kwa msomaji aliyezoea soka, mdakaji ni kipa na nahodha kwa wakati mmoja. Huchuchumaa nyuma ya mpigaji wa timu pinzani, akitazamana na mrushaji wake aliye umbali wa takribani mita 18.4, na kabla ya kila mpira humwonyesha kwa vidole, akivificha katikati ya mapaja, aina ya mpira anaoutaka na mahali pa kuupitisha. Wenzake wote wanautazama uwanja kutoka upande mmoja. Yeye peke yake anautazama kutoka upande wa pili, hivyo ndiye anayeona beki amesimama vibaya au mkimbiaji ameanza kunyata.

Kazi yake ya pili ni kuwazuia wakimbiaji wasiibe besi, yaani vituo ambavyo mkimbiaji hupitia ili kupata alama. Mkimbiaji aliye besi ya kwanza anaweza kuchomoka mpira ukiwa bado angani kuelekea kwa mpigaji, na mdakaji hulazimika kuudaka, kuinuka na kuurusha hadi besi ya pili, umbali wa karibu mita 38.8, kabla mkimbiaji hajateleza na kuigusa besi hiyo. Anayeisoma sentensi hii polepole amekwisha kuchelewa.

Kazi ya tatu ni kuvumilia maumivu. Mdakaji huvaa kinyago, kinga ya kifua na kinga za miguuni, na mkono mmoja umo ndani ya glavu nene. Lakini mkono wa kurushia hubaki wazi, na mpira uliokwaruzwa kidogo na gongo hubadili mwelekeo na kumpiga kwenye ncha za vidole. Mikono ya Campanella ilivunjika na kufanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na mtu anaweza kuisoma misimu yake mizuri na mibaya kwa kufuata hali ya mikono hiyo tu (tazama swali la kupanda na kushuka kwa takwimu zake).

Alikuwa Mwitaliano au mtu mweusi?

Baba yake, John, alitoka katika familia ya Kiitaliano yenye asili ya Sisilia, na mama yake, Ida, alikuwa Mmarekani mweusi. Kwa kanuni za jamii ya Marekani ya wakati huo, mtoto wa ndoa kama hiyo alihesabiwa kuwa mweusi, wala jina la ukoo halikumfungulia mlango wowote. Katika kandarasi, hoteli na ligi aliwekwa upande mmoja tu.

Kwa nini anaitwa “Campy”?

Ni kifupisho cha jina la ukoo. Hakuna kisa nyuma yake.

## Kabla ya Brooklyn

Alianza lini kulipwa kwa kucheza?

Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 15, alianza kuichezea Washington Elite Giants, timu ya Ligi za Watu Weusi, zilizokuwa za wachezaji waliofungiwa Ligi Kuu kwa rangi yao, kwanza mwisho wa wiki kwa sababu alikuwa bado mwanafunzi. Mwaka uliofuata timu ilihamia Baltimore, na kijana huyo akaacha shule ili kusafiri nayo.

Mwalimu wake alikuwa Biz Mackey, mdakaji mkongwe ambaye naye aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu mwaka 2006, miaka mingi baada ya kifo chake. Mackey alimfundisha kuweka miguu tayari kabla mpira haujafika, kurusha bila kusimama wima, na kumsoma mpigaji kwa namna anavyoshika gongo. Wanaodhani kwamba ustadi wa Campanella ulikuwa kipaji tu wanamsahau mzee huyu, na mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko kukosea tarehe.

Maisha ya Ligi za Watu Weusi yalikuwaje?

Timu zilisafiri kwa basi usiku, wachezaji wakila na kulala walikoruhusiwa, na mechi zilikuwa nyingi kwa sababu mapato yalitegemea viingilio vya mlangoni. Kwa simulizi ya Campanella mwenyewe, kuna siku alidaka mechi nne: mbili Cincinnati mchana, kisha nyingine mbili Middletown, katika jimbo hilohilo la Ohio. Mdakaji wa leo mara nyingi hupumzishwa mechi ya usiku inapofuatiwa na nyingine mchana wa kesho yake.

Kiwango cha mchezo kilikuwa cha juu. Mwaka 1941 Campanella, akiwa hajafikisha miaka 20, alitajwa kuwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa Mashariki na Magharibi. Kikwazo chake kikubwa kilikuwa Josh Gibson wa Homestead Grays, mdakaji mwenye nguvu za kutisha kwenye gongo, ambaye kila mdakaji mweusi wa enzi hizo alilinganishwa naye na kuonekana mdogo. Campanella alicheza pia Mexico, katika timu ya Monterrey, na huko aliishi katika hoteli na kula katika mikahawa bila kuulizwa rangi yake.

Je, ni kweli kwamba alikataa kujiunga na Dodgers?

Ni kweli, lakini kwa kutoelewa. Mwezi Oktoba 1945 Branch Rickey, mkuu wa Dodgers, alimwita ofisini Brooklyn na kumhoji kwa saa kadhaa, huku mezani kukiwa na jalada lenye habari zake zote. Rickey alipomuuliza kama angependa kumchezea, Campanella alidhani anazungumzia Brown Dodgers, timu ya watu weusi ambayo ilikuwa ikitangazwa wakati huo. Akashukuru na kukataa, kwa kuwa alikuwa na kazi yenye malipo ya uhakika Baltimore.

Siku chache baadaye Jackie Robinson, ambaye mwaka 1947 angekuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa Ligi Kuu katika zama za kisasa, alimweleza faraghani kwamba ametia saini na Dodgers wenyewe. Hapo ndipo Campanella alipotambua alichokuwa amekiachia mezani. Bahati nzuri Rickey alimtafuta tena, na mwaka 1946 akaingia katika mfumo wa timu za chini za Dodgers.

Nashua ni wapi, na kwa nini inatajwa sana?

Nashua ni mji wa jimbo la New Hampshire, kaskazini mashariki mwa Marekani. Dodgers walihitaji mahali pa kuwapeleka Campanella na mrushaji Don Newcombe mwaka 1946, na timu yao ya Danville, Illinois, iliwakataa. Nashua, chini ya meneja wa biashara Buzzie Bavasi na kocha Walter Alston, iliwapokea.

Mwezi Juni mwaka huo mwamuzi alimtoa Alston uwanjani katikati ya mechi, naye akamkabidhi Campanella timu. Kwa dakika hizo akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza wachezaji weupe katika besiboli rasmi ya zama hizo. Uamuzi wake ulikuwa kumwingiza Newcombe, aliyekuwa mrushaji, ashike gongo. Newcombe akapiga homurani, yaani pigo linaloupeleka mpira nje ya uzio, na Nashua ikashinda. Kisa hiki kingeweza kuonekana cha kubuni kama kisingekuwa na mashahidi wengi hivyo.

## Miaka ya Brooklyn, 1948 hadi 1957

Kwa nini alichelewa hadi 1948 ilhali alikuwa tayari?

Msimu wa 1947 alicheza Montreal, hatua moja chini ya Ligi Kuu, na wengi waliomwona huko waliamini kwamba hakuna mdakaji wa kumzidi hata ngazi ya juu. Aprili 1948 aliitwa Brooklyn, lakini muda si mrefu Rickey akamteremsha tena, safari hii St. Paul, Minnesota, kwa sababu alitaka mchezaji mweusi aivunje miiko ya ligi ya eneo hilo kama Robinson alivyoivunja ile kuu. Campanella hakuipenda hoja hiyo. Alisema wazi kwamba yeye ni mchezaji wa besiboli, si mtangulizi wa jambo lolote. Hata hivyo alikwenda, akapiga homurani 13 katika mechi 35, na mwezi Julai akarudishwa Brooklyn moja kwa moja.

Alikuwa na miaka 26. Mchezaji mweupe mwenye uwezo kama wake angekuwa amekwisha kucheza misimu mitano au sita kufikia hapo.

Msimu wake bora ulikuwa upi?

1953, na sioni nafasi ya ubishi. Wastani wake wa upigaji, yaani sehemu ya majaribio yaliyoleta pigo lenye mafanikio, ulikuwa 0.312, alipiga homurani 41, na mapigo yake yaliingiza alama 142, nyingi kuliko za mchezaji yeyote wa Ligi ya Taifa mwaka ule. Homurani 40 kati ya hizo alizipiga akiwa anacheza kama mdakaji, rekodi iliyodumu hadi Todd Hundley wa New York Mets alipoipita mwaka 1996.

Uzito wa takwimu hizo unatokana na kazi ileile iliyoelezwa juu. Mtu anayechuchumaa na kuinuka zaidi ya mara mia kwa mechi hatarajiwi kubaki na miguu ya kuzungusha gongo kwa nguvu mwezi wa Septemba.

Kwa nini takwimu zake zilipanda na kushuka namna ile?

Sababu kubwa ni mikono. Mwanzoni mwa 1954 aliumia mkono wa kushoto, akafanyiwa upasuaji, na mishipa ya fahamu ikaathirika kiasi kwamba baadhi ya vidole vilikosa hisia. Wastani wake ukaporomoka hadi 0.207. Mwaka uliofuata, mkono ukiwa umetengemaa, alirudi na 0.318, homurani 32 na tuzo ya tatu. Kisha 1956 na 1957 akashuka tena, akiwa na vidole vilivyochoka na umri wa miaka thelathini na mitano.

Hivyo swali la kama alikuwa anaelekea mwisho hata bila ajali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kama mpigaji alikuwa ameshuka, lakini kama mdakaji alikuwa bado na mengi ya kutoa.

Alikuwa hodari kiasi gani katika kuwazuia wezi wa besi?

Katika miaka yake ya Dodgers aliwanasa zaidi ya asilimia 57 ya wakimbiaji waliojaribu kuiba besi, kiwango ambacho hutajwa kuwa cha juu kabisa katika historia ya Ligi Kuu. Siku hizi mdakaji anayenasa theluthi moja husifiwa. Alikuwa mfupi na mnene, kimo chake kama sentimita 175, na wapinzani waliomtazama akitoka nje ya benchi hawakutegemea wepesi ule; lakini mafunzo ya Mackey yalikuwa ndani ya miguu, na mpira ulikuwa mkononi mwake kwa muda mfupi mno.

Alidaka pia mechi tatu ambazo mrushaji wake hakuruhusu pigo hata moja lenye mafanikio: mbili za Carl Erskine, 1952 na 1956, na moja ya Sal Maglie, 1956. Sifa za mechi kama hizo huenda kwa mrushaji, ingawa aliyekuwa akichagua kila mpira kwa vidole ni mwingine.

Je, aliwahi kushinda fainali kuu?

Mara moja, 1955. Dodgers walifika fainali dhidi ya New York Yankees mwaka 1949, 1952 na 1953 wakashindwa zote, hadi mashabiki wa Brooklyn wakawa na msemo wa kila vuli wa kusubiri mwaka ujao. Tarehe 4 Oktoba 1955, katika mechi ya saba kwenye uwanja wa Yankees, Campanella alipiga pigo la besi mbili katika zamu ya nne, akasogea hadi besi ya tatu, na Gil Hodges akamrudisha nyumbani kwa alama ya kwanza. Johnny Podres alirusha mechi nzima bila kuruhusu alama, na mchezo ukaisha 2 kwa 0. Ndilo taji pekee ambalo timu hiyo ilichukua ikiwa Brooklyn.

Mwaka huohuo Mchezaji Bora wa ligi ile nyingine alikuwa Yogi Berra, mdakaji wa Yankees. Ilitokea vivyo hivyo 1951. Mji mmoja ulikuwa na wadakaji wawili bora duniani kwa wakati mmoja.

Ni kweli kwamba yeye na Robinson hawakuelewana?

Kulikuwa na mvutano, na hauna haja ya kufichwa. Robinson aliamini kwamba dhuluma lazima itajwe kila inapotokea. Campanella alipendelea kutulia, kucheza na kuacha matokeo yaseme. Robinson alimwona mwenzake kuwa mpole kupita kiasi, naye Campanella alimwona Robinson kuwa mwepesi wa kuwasha moto.

Wanaomhukumu Campanella kwa utulivu huo wakumbuke alikotoka: alianza kazi akiwa mtoto, katika ligi ambayo mchezaji aliyegombana na mwenye hoteli aliiacha timu nzima bila mahali pa kulala. Kila mmoja alijifunza ustahimilivu wake katika shule tofauti.

## Ajali na maisha baada yake

Ajali ilitokeaje?

Campanella alikuwa na duka la vinywaji Harlem na aliishi Glen Cove, Long Island. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1958 alifunga duka na kuondoka kwa gari la kukodi, kwa kuwa lake lilikuwa kwa fundi. Karibu na nyumbani, kwenye kona, magurudumu yalikanyaga barafu. Gari likagonga nguzo ya simu na kupinduka.

Alisimulia baadaye kwamba alisikia injini bado inanguruma, akaogopa moto, akataka kunyoosha mkono kuzima ufunguo, na mkono haukwenda. Pingili mbili za shingo, ya tano na ya sita, zilikuwa zimevunjika na uti wa mgongo kubanwa. Alikuwa na miaka 36. Kwa matibabu na mazoezi ya muda mrefu jijini New York, chini ya Dkt. Howard Rusk, alirudishiwa sehemu ya nguvu za mikono, lakini hakutembea tena.

Je, aliwahi kuichezea Dodgers ya Los Angeles?

Hapana. Timu ilihama Brooklyn baada ya msimu wa 1957, na ajali ikatokea kabla ya mechi ya kwanza ya California. Hata hivyo tarehe 7 Mei 1959 Dodgers na Yankees walicheza mechi ya kirafiki kwa heshima yake kwenye uwanja wa Coliseum mjini Los Angeles, na watazamaji 93,103 wakaja kumwona mtu ambaye hawakuwahi kumwona akicheza kwa timu yao. Pee Wee Reese, nahodha wake wa zamani, alikisukuma kiti chake cha magurudumu hadi katikati ya uwanja. Taa zikazimwa, na watu wakawasha viberiti jukwaa zima.

Alifanya nini baadaye?

Aliendelea kuwafundisha wadakaji vijana wa Dodgers katika kambi za mazoezi, akiwa kwenye kiti chake, na mmoja wa walionufaika ni Mike Scioscia. Mwaka 1978 alihamia California na kufanya kazi katika idara ya uhusiano na jamii ya timu hiyo. Namba yake 39 ilistaafishwa tarehe 4 Juni 1972, siku moja na 42 ya Robinson na 32 ya Sandy Koufax.

## Maswali ya pembeni

Kwa nini hakuingizwa Ukumbi wa Umaarufu mapema zaidi?

Mchezaji huhitaji kura za asilimia 75 ya waandishi wa besiboli wanaopiga kura, na baadhi yao waliona misimu kumi kuwa michache. Mwaka 1969 alipata zaidi ya asilimia 79 na kuingia pamoja na Stan Musial. Wachezaji weusi waliomtangulia humo idadi yao ilikuwa mmoja tu, Robinson.

Alikuwa mdakaji mweusi wa kwanza katika Ligi Kuu?

Katika zama za kisasa, ndiyo. Lakini Moses Fleetwood Walker alidaka kwa timu ya Toledo mwaka 1884, wakati ligi yake ilipohesabiwa kuwa kuu, kabla mlango haujafungwa kwa zaidi ya miaka sitini. Kusema “wa kwanza” bila kueleza hivyo ni kumfuta Walker mara ya pili.

Alikuwa wapi siku ya homurani maarufu ya Bobby Thomson?

Alikuwa benchi. Tarehe 3 Oktoba 1951, New York Giants walipowanyang'anya Dodgers ubingwa wa Ligi ya Taifa kwa pigo la mwisho la Thomson, Campanella alikuwa ameumia mguu na Rube Walker ndiye aliyedaka. Kama Campanella angemwonyesha mrushaji Ralph Branca aina nyingine ya mpira ni swali ambalo wazee wa Brooklyn waliendelea kuulizana.

Mbona vyanzo hutoa jumla tofauti za homurani zake?

Kwa Dodgers peke yake ni 242. Mwishoni mwa 2020 Ligi Kuu ilitangaza kuzitambua Ligi za Watu Weusi za 1920 hadi 1948, na mwaka 2024 takwimu zake zikaunganishwa, kwa hiyo jedwali jipya linajumuisha pia mapigo ya Baltimore. Mechi nyingi za enzi hizo hazikuandikwa vizuri, hivyo hata jumla mpya haijakamilika.

Kisa cha vifaranga ni cha kweli?

Ni cha kweli. Mwaka 1946 mfugaji mmoja wa Nashua aliahidi vifaranga 100 kwa kila homurani ya mchezaji wa timu ya mji huo. Campanella alipata zaidi ya 1,000, akavituma kwa baba yake Philadelphia, na mzee akaanza biashara ya kuku.